Sura za melini na sura za sebuleni: je, nifute zipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mswada wa riwaya ya mapenzi ya zama za vita vya Napoleon. Binti wa mfanyabiashara wa Kiingereza anapendana na luteni wa manowari, baba mtu anakataa kwa sababu kijana hana kitu, na luteni anaondoka na meli yake. Kuanzia hapo sura moja iko nchi kavu kwa binti, inayofuata iko baharini kwa luteni, hivyo hivyo hadi karibu na mwisho. Nimewapa watu wawili waisome. Shoga yangu amesoma za binti, za meli amezirusha. Kaka yangu kafanya kinyume chake. Wote wanasema ni nzuri, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Je, nichague upande mmoja nifute mwingine? Na maelezo ya meli, ambayo nimeyatafiti kwa muda mrefu sana, yamezidi? Nakuwekea aya moja hapa chini uone mwenyewe.

Jibu: Marahaba, dada. Usifute kitu kwanza.

Wasomaji wako wamekuambia bure jambo ambalo mhariri angekutoza fedha. Shoga yako ameruka nusu ya kitabu na bado amefika mwisho akijua nani kaolewa na nani. Kaka yako ameruka nusu ile nyingine, naye hakupotea. Maana yake una riwaya mbili ndani ya jalada moja, na kila moja inajitosheleza. Yanayotokea melini hayabadilishi kitu sebuleni, wala ya sebuleni hayabadilishi kitu melini. Ukifuta upande mmoja utabaki na riwaya moja ya kawaida. Ukizifunga pamoja utakuwa na kitu ambacho mimi binafsi ningelipa kukisoma.

Kuchanganya kwenyewe kusikutishe, maana tanzu hizi mbili ni ndugu wa damu. Riwaya ya kihistoria ilipata umaarufu wake mikononi mwa Mskoti Walter Scott kuanzia mwaka 1814. Baadaye Scott akatoa riwaya ya maharamia, na watu wakamsifu kwa ujuzi wake wa bahari. Mmarekani James Fenimore Cooper, aliyewahi kutumika katika jeshi la wanamaji akiwa kijana, hakukubali. Aliona kitabu kile kimeandikwa na mtu wa nchi kavu, akaandika cha kwake, kilichotoka mwanzoni mwa 1824, kuonyesha baharia angekiandikaje. Wengi wanakihesabu kuwa ndicho kilichoanzisha riwaya ya bahari kama tunavyoijua, na ndani yake kuna wapenzi waliotenganishwa na vita. Utanzu huu ulizaliwa ndani ya nyumba ya riwaya ya kihistoria, tena katika mabishano ya kifamilia.

Utengano ulikuja baadaye. Mwandishi Robert Louis Stevenson alipokuwa akiandika hadithi yake ya hazina, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la vijana mwaka 1881 na 1882, mtoto wake wa kambo aliyekuwa akisomewa sura hizo alitaka kusiwe na wanawake. Ukimwondoa mama wa kijana anayesimulia, karibu hawamo. Upande wa pili kuna Mills & Boon, kampuni ya vitabu ambayo jina lake leo halimaanishi kitu kingine ila mapenzi. Ilipoanzishwa mwaka 1908 ilichapisha vitabu vya kila aina, na miongoni mwa waandishi wake wa miaka ya mwanzo alikuwamo Jack London, mtu wa mawimbi na mbwa mwitu. Rafu mbili ni mpango wa wauzaji zaidi kuliko wa wasimulizi.

Hata hivyo kuna ugumu wa kweli, na ndio uliokukwamisha. Hadithi ya mapenzi inakula ukaribu. Fikiria hila zote unazozijua za utanzu huo: mvua inayowafungia wawili katika nyumba ya wageni yenye chumba kimoja, ndoa ya mkataba, mwalimu wa watoto anayekaa nyumba moja na bwana mwenye nyumba, mguu unaoteguka kwenye matembezi. Zote ni njia za kuwalazimisha watu wawili wakae mahali pamoja hata kama hawataki. Hadithi ya bahari inaanza pale kamba inapofunguliwa gatini, na raha yake yote iko katika umbali. Kwa maelezo yako, wapenzi wako wanaachana mapema na hawaonani tena hadi karibu na mwisho. Injini ya mapenzi umeizima kwa mkono wako, kisha unamtaka msomaji wa mapenzi avumilie katikati yote akimtazama binti anayetazama dirishani.

Njia moja ni kuiacha bahari nje ya jukwaa kabisa. Hivyo ndivyo alivyofanya Jane Austen, ambaye kaka na mdogo wake walikuwa maofisa wa jeshi la wanamaji, katika *Persuasion*, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake. Binti anamkataa ofisa kijana kwa kushawishiwa kwamba hana mali wala mustakabali. Miaka kama minane baadaye anarudi, ni kapteni, ana pauni 25,000 alizozipata kwa kuteka meli za adui. Hakuna hata sura moja ya vita baharini. Lakini iondoe bahari uone kitakachobaki: bila ngawira asingerudi akiwa mtu asiyekataliwa na mzazi yeyote, na bila ile miaka ya kutengana pasingekuwa na uchungu ambao kitabu kizima kinautafuna taratibu.

Wewe umeshaandika sura za meli na sitaki uzitupe. Basi chukua kutoka kwa Austen kile kiungo tu, yaani fedha.

Hadi mwaka 1808, thamani ya meli iliyotekwa na Waingereza iligawanywa mafungu manane. Kapteni alichukua matatu, moja akimpa amiri aliyemtuma. Mabaharia wote wa kawaida, hata wakiwa mia mbili, waligawana mawili. Maluteni waligawana fungu moja pamoja na ofisa wa askari wa meli na mwelekezaji wa meli. Sasa mtazame luteni wako. Katika sura ulizonieleza anateka meli ya kawaida ya biashara na anarudi tajiri. Kwa mgawanyo huo haiwezekani. Na kutowezekana huko ni zawadi kwako, kwa sababu sasa luteni hana budi kupata meli yake mwenyewe ya kuongoza, na atahitaji kufanya jambo la hatari litakalompandisha cheo. Akiamua kushambulia meli iliyo kubwa kuliko yake, msomaji wa mapenzi anajua anashambulia kwa ajili ya nani. Kila mzinga unaolia unakuwa sehemu ya posa. Shoga yako hataweza kuiruka sura hiyo.

Kiungo cha pili ni muda, na hapa ndipo mpangilio wako wa sura za kupokezana unapoweza kulipa. Vita vya baharini vya Trafalgar, Waingereza walipowashinda Wafaransa na Wahispania, vilipiganwa tarehe 21 Oktoba 1805. Habari zake zilifika London usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba, zikiletwa na Luteni Lapenotiere, aliyeshuka bandari ya Falmouth na kubadilisha farasi mara 21 njiani. Hiyo ni habari kubwa kuliko zote za vita vile vya baharini, imebebwa kwa haraka kuliko zote, na bado imechukua zaidi ya wiki mbili. Barua ya kawaida ya luteni aliye kwenye doria ilisubiri meli yoyote inayorudi nyumbani, na kutoka India ilichukua miezi. Katika mswada wako barua zinafika kama ujumbe wa simu. Binti anaandika katika sura moja, luteni anasoma katika inayofuata.

Zicheleweshe. Sura ya meli iishie na kitu kinachotumwa, kwa mfano barua, jina kwenye orodha ya waliokufa lililoandikwa vibaya, au uvumi unaobebwa na meli ya biashara. Sura ya nchi kavu ianze na kitu kilichofika kimechelewa, au kilichotangulia ambacho hakikupaswa kutangulia. Msomaji amwone luteni akiwa hai katika sura ya kumi na nne, kisha katika ya kumi na tano amwone binti akimkubali mchumba mwingine huku barua ya kumzuia ikiwa bado iko baharini. Taharuki ya namna hiyo haiwezi kujengwa bila pande zote mbili. Atakayeruka sura moja atalipia.

Kiungo cha tatu ni sheria, nacho umekiacha bila kukigusa. Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1753, kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuoa au kuolewa kwa leseni bila idhini ya mzazi. Uskoti haikuhusika na sheria hiyo, ndiyo maana wapenzi walikimbilia Gretna Green, kijiji cha kwanza baada ya kuvuka mpaka. Binti yako ana miaka kumi na tisa. Meli ya luteni iko Portsmouth, pwani ya kusini, na inang'oa nanga keshokutwa. Gretna iko mwisho mwingine wa nchi. Huhitaji baba mkali anayepiga meza. Ramani na kalenda zinatosha kuwatenganisha, na msomaji ataumia zaidi kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Kuhusu kumpandisha binti melini, najua utalifikiria. Mwanamke aliyejivika nguo za baharia ametumika mno, ingawa ana mizizi ya kweli: Jeanne Baret alisafiri na msafara wa Mfaransa Bougainville wa kuzunguka dunia wa 1766 hadi 1769 akijifanya mwanamume, hadi alipotambuliwa Tahiti. Lakini hukuhitaji kujificha ili kuwa mwanamke kwenye manowari. Wake wa fundi mizinga, wa seremala na wa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, mara nyingi walisafiri na waume zao, majina yao hayakuandikwa kwenye daftari la meli, na vita vilipoanza walibeba baruti na kuwahudumia majeruhi. Mwaka 1847, nishani ilipotangazwa kwa waliokuwa kwenye vita hivyo vya zamani, Jane Townshend, aliyekuwa ndani ya manowari Defiance huko Trafalgar, aliiomba. Mwanzoni ombi lake lilionekana ni halali, kisha likakataliwa kwa hofu kwamba wanawake wengine wengi wangedai pia. Mpe luteni wako meli yenye mwanamke wa aina hiyo, mke wa fundi mizinga, mwenye macho na mdomo. Huyo ndiye atakayeshuka pwani na kumweleza binti mambo ambayo luteni asingeyaandika kamwe. Kwa sasa, ukiachia mbali barua, sura zako hazina mtu hata mmoja anayetoka upande huu akavuka hadi ule.

Nije kwenye utafiti. Hii ndiyo aya uliyonitumia:

*"Luteni aliamuru tanga la juu la mlingoti mkuu lipunguzwe, kisha la mlingoti wa mbele, tanga la pembetatu la dasturi likashushwa, foromali zikageuzwa, kamba za demani zikakazwa, na meli ikaanza kubisha kuelekea kusini-magharibi huku upepo ukivuma kwa nguvu."*

Sina ugomvi na neno hata moja, na kama ulivyosema, umesoma kweli. Ila hakuna anayetaka kitu katika sentensi hiyo. Ni orodha ya kazi zilizofanyika, na msomaji hajui zikifanywa vibaya nini kitatokea. Ningeiandika hivi:

*"Kila alipotazama, pwani ilikuwa imesogea. Upepo ulikuwa ukiwasukuma huko, na chini yao palikuwa na mwamba mtupu, nanga isingeshika. Angepunguza matanga, mlingoti ungesalimika, lakini meli ingekosa nguvu ya kubisha dhidi ya upepo na kabla ya alfajiri wangekuwa juu ya mawe. Angeyaacha, huenda mlingoti ungekatika sasa hivi. 'Yaacheni,' alisema. Serahangi alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akitia sahihi hati ambayo hajaisoma."*

Maneno ya kibaharia yamebaki machache, na kila lililobaki linambana mtu. Shoga yako hajui foromali ni nini na hana haja ya kujua. Anajua pwani inakuja. Kuna jambo la kweli linaloonyesha hili vizuri kuliko mfano wangu. Tarehe 6 Mei 1801, karibu na Barcelona, Lord Cochrane, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, akiwa na Speedy, meli ndogo yenye mizinga 14 midogo na watu 54, aliiteka El Gamo ya Kihispania yenye mizinga 32 na watu 319. Alipandisha bendera ya Marekani ili apate dakika chache za kusogea, kisha akaing'ang'ania ubavuni. El Gamo ilikuwa ndefu kwenda juu kiasi kwamba mizinga yake haikuweza kuinamishwa, ikawa inapiga juu ya vichwa vya Waingereza, huku mizinga ya Speedy ikipiga kwenda juu. Walipopanda kuishambulia, waliacha daktari wa meli ameshika usukani. Msomaji asiyejua chochote kuhusu meli anaielewa vita hiyo yote kwa sababu ya kitu kimoja, pembe ya mizinga. Mwandishi Patrick O'Brian aliichukua karibu kama ilivyo akaiweka katika riwaya ya kwanza ya mfululizo wake wa bahari, na Frederick Marryat, aliyekuwa kijana chini ya Cochrane huyo huyo miaka michache baadaye, aliishi kwa kuandika mambo ya namna hiyo.

Lakini usipunguze hadi ukakosea. Cooper alimsomea mwenzake wa zamani wa melini sehemu ya mswada wa kile kitabu chake cha bahari, meli ikijinasua kwenye miamba wakati wa dhoruba. Yule baharia alisisimka hadi akainuka na kuanza kutembea chumbani, na katikati ya msisimko huo akamkosoa: tanga la mbele umeliacha wazi muda mrefu mno. Cooper hakubishana. Aliandika upepo ukalirarua tanga lile na kulipeperusha. Nakuomba umtafute msomaji wa aina hiyo, hata mmoja, kabla ya kupeleka mswada popote, na akikukosoa ufanye kama Cooper: usiongeze aya ya kujitetea, acha kosa lizae tukio.

Umeniuliza pia kwa kupitia, mwishoni mwa barua yako, kama kitabu hiki kinaweza kuwa cha kwanza katika mfululizo. Hapo ndugu hawa wawili hawafanani kabisa. Hadithi ya bahari inapenda mfululizo kwa sababu jeshi lina ngazi, luteni, kamanda, kapteni, amiri, na shujaa anaweza kupanda ngazi moja kwa kila kitabu bila kutosheka. Mapenzi yakishatimia yametimia. Ukiwaoza mwishoni mwa kitabu cha kwanza, kitabu cha pili kitalazimika kuwavuruga bila sababu, na wasomaji wa mapenzi hawasamehi hilo. Ndiyo maana mifululizo ya mapenzi ya kihistoria huhamia kwa dada, kaka au rafiki. Una serahangi mwenye mdomo na una mdogo wa binti ambaye hajapata sura hata moja. Anzia hapo.

Wale wanaokuambia riwaya pendwa si fasihi waache. Wana kazi zao.

Kinachobaki ni uamuzi mmoja, na huku ndiko kuchagua ulikouliza. Swali gani linafungua kitabu na kufungwa na ukurasa wa mwisho? Kama ni "je, hawa wawili wataishi pamoja?", basi hii ni riwaya ya mapenzi ya kihistoria, bahari iwe kubwa namna gani, na huruhusiwi kumwua luteni hata ukipata kifo kizuri. Kama ni "je, kijana huyu ataweza kuongoza meli?", ni riwaya ya bahari, na binti anaweza kumkataa mwishoni bila msomaji kukurushia kitabu. Kutokana na ulivyoanza, na sura ya kwanza iliyo kwa binti, naona ni la kwanza. Kwa hiyo sura ya mwisho isiwe ile ya mapokezi ya gatini uliyonieleza, yenye bendera na mizinga ya heshima na amiri akitoa hotuba. Hiyo inajibu swali la kaka yako. Ipunguze iwe nusu ukurasa, na kurasa utakazookoa uwape wawili wale ndani ya chumba kimoja, na ile barua iliyochelewa iwe mezani, haijafunguliwa.

Na katika barua ya kumpelekea mchapishaji, usiandike kwamba ni kitabu chenye mapenzi, vita, historia na safari kwa kila msomaji. Andika "riwaya ya mapenzi ya kihistoria", kisha sentensi mbili tu: baba amekataa, na barua iko baharini.